Udongo Unaotoweka Mtaroni

Atokaye Embu kwenda Meru kwa barabara hahesabu kilomita, huhesabu mabonde. Kuna Ena, Thuchi, Ruguti, Nithi, Mutonga, Thingithu, kisha Kathita pale mjini Meru. Gari hushuka, huvuka daraja, hupanda tena, na abiria mgeni hushika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Daraja la Nithi limeua watu wengi hivi kwamba jina lake pekee hunyamazisha gumzo ndani ya matatu. Macho ya wote huwa barabarani. Ni wachache wanaotazama kandokando ya mito na vijito hivyo, mahali ambapo udongo mwekundu wa mgongo wa kilima hukoma na udongo mweusi huanza.

Udongo huo mweusi si wa aina moja. Sehemu kubwa ni tope la mfinyanzi lililotuama. Lakini katika baadhi ya vinamasi vya miinuko ya Mlima Kenya, na hasa kule juu kwenye nyika ya baridi iliyopita msitu na mianzi, kuna udongo ambao haukutokana na mwamba uliosagika. Umejengwa na mimea yenyewe: mizizi, mashina na majani ya ndago na nyasi za majini, yaliyokufa na kulala mahali palipojaa maji mwaka mzima. Maji yalizuia hewa, na pasipo hewa vijidudu vinavyoozesha vikashindwa kumaliza kazi yao. Kila mwaka mabaki mapya yalilalia ya zamani. Wataalamu huuita udongo wa peti, na kwa wastani hukua kama milimita 1 kwa mwaka. Tabaka la mita 1, ambalo kijana mwenye sepetu hulichimba asubuhi moja kabla ya chai ya saa nne, limechukua takriban miaka 1,000 kujengeka.

Ramani ya udongo ya nchi nzima iliyotolewa mwaka 1982 na Idara ya Upimaji Udongo ya Kenya inauonyesha waziwazi. Kileleni kuna mwamba, barafu na peti. Chini yake kuna udongo mweusi mwepesi wa majivu ya volkano. Chini zaidi ni ule mwekundu mzito tunaoujua sote, wa chai, kisha kahawa, ndizi na mahindi. Ila ramani hiyo ni ya kipimo cha 1 kwa 1,000,000, na kwa kipimo hicho kinamasi cha ekari tano katikati ya mashamba hakionekani kabisa. Hilo ni sehemu ya tatizo letu. Kisichoonekana kwenye ramani hakipati fungu kwenye bajeti.

Umri wa udongo huu si wa kukisia. Kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, katika mwinuko wa zaidi ya mita 2,100, kuna kinamasi cha Rumuiku. Stephen Rucina wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzake walizamisha bomba la kuchukulia sampuli humo na kutoa nguzo ya matope na peti yenye historia ya zaidi ya miaka 26,000. Mwaka 2009 walichapisha walichokisoma katika chavua iliyohifadhiwa ndani yake: jinsi mimea ya nyika ya juu ilivyoteremka wakati dunia ilipokuwa na baridi kali, na jinsi msitu ulivyopanda tena joto liliporejea. Upande wa Meru, Sacred Lake, ziwa la kreta lililo mita 2,350 juu ya usawa wa bahari, limetoa rekodi ndefu zaidi ya hiyo. Wanasayansi kutoka nchi nyingine wamekuwa wakiizungumzia Meru tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya tope lake, huku sisi tukidhani sifa yake ni miraa pekee.

Rekodi kama hizo zasomeka kwa sababu tabaka hazijavurugwa. Na hapo ndipo tunafika kwenye jambo lenyewe, yaani umbo la ndani la udongo huu na jinsi matumizi ya ardhi yanavyolivunja.

Chukua debe la lita 20. Lijaze udongo mwekundu wa shamba la Runyenjes, uukaushe kabisa, uupime: utapata karibu kilo 20. Sasa lijaze peti ambayo haijaguswa, uikaushe vilevile. Utapata kama kilo 2. Sehemu iliyobaki ya debe ilikuwa maji na hewa. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za peti ni nafasi tupu zilizoshikiliwa na nyuzi za mimea zilizosukana, nazo nyuzi hizo husimama kwa sababu zinaelea. Maji ndiyo yanayobeba uzito. Ukiyaondoa, hakuna nguzo nyingine.

Mkulima anayetaka kulima kinamasi huanza kwa kuyaondoa. Huchimba mtaro katikati kuelekea mtoni, kisha mitaro midogo ya pembeni. Msimu wa kwanza hufurahisha. Sukuma wiki hunenepa, viazi huwa vikubwa, maharagwe ya mishiri huenda sokoni wakati ambapo mkulima wa mgongoni mwa kilima anasubiri mvua. Kumbe chini ya miguu mambo matatu yameanza kwa pamoja. Kwanza tabaka la juu, ambalo sasa halielei, linalalia la chini kwa uzito wake wote na kulikandamiza. Pili, nyuzi zinapokauka hujikunja, na ardhi hupasuka nyufa. Tatu, hewa inaingia. Vijidudu vilivyokuwa vimenyimwa pumzi kwa karne nyingi hupata nafasi ya kumalizia chakula chao, na mabaki ya mimea hugeuka kuwa gesi ya kaboni na kupaa. Mawili ya mwanzo hushusha udongo kwa kasi katika miaka michache ya awali kisha hupungua. La tatu halipungui maadamu mtaro upo wazi. Huendelea hadi udongo ufike usawa wa maji ya mtaro, na wakati huo mkulima huona shamba limelowa tena, hulaumu mtaro kwa kujaa, na kuuchimba zaidi.

Huo ndio mzunguko. Mtu haoni udongo ukichukuliwa na mvua kama kule mlimani, haoni korongo, haoni maji mekundu. Udongo unaondoka kupitia hewani, na anachokiona ni kwamba mashina ya miti yameanza kuonyesha mizizi, au kwamba kigogo kilichokuwa kimezikwa kimejitokeza juu.

Waingereza walipima jambo hili kwa njia rahisi ajabu. Katika eneo la Holme, mashariki mwa nchi yao, mwaka 1851 walizamisha nguzo ya chuma kwenye peti hadi ncha yake ikawa sawa na uso wa ardhi, wakati ziwa la jirani lilipokuwa likikaushwa ili kupata mashamba. Leo nguzo hiyo imesimama takriban mita 4 juu ya ardhi. Nguzo haikupanda; ardhi ndiyo iliyoshuka. Na huko ni nchi ya baridi. Katika nyanda za joto za Indonesia, mashamba ya michikichi yaliyokaushwa hushuka kwa sentimita kadhaa kila mwaka, wakati mwingine hata 5. Sentimita 5 kwa hesabu ya milimita moja kwa mwaka ni kazi ya miaka 50 iliyopotea katika miezi 12. Miinuko yetu ina baridi kuliko Indonesia, kwa hiyo mwendo wetu huenda ni wa polepole zaidi, lakini uelekeo ni uleule.

Hata kabla ya udongo kwisha, tabia yake hubadilika. Peti iliyokauka sana huwa unga mweusi wa chembechembe ambao hukataa maji. Tone la mvua hubingirika juu yake kama kwenye manyoya ya bata. Mkulima anamwagilia asubuhi, akifukua kwa kidole jioni anakuta vumbi. Nafasi kubwa za ndani zimebanwa zikawa ndogo, kwa hiyo hata maji yanayoingia hayapiti vizuri, isipokuwa kwenye nyufa ambako hukimbia moja kwa moja hadi mtaroni yakibeba mbolea ya dukani aliyoinunua kwa pesa yake. Na peti hiyo hushika moto. Moto wa peti hauwaki kwa fahari. Hufukuta chini kwa chini kwa siku nyingi, unazimwa hapa unatokea pale.

Jirani zetu wa Uganda waliyaona haya mapema. Huko Kigezi, kwenye milima ya kusini-magharibi, vinamasi vya mafunjo vilianza kukaushwa kwa wingi katika miaka ya 1940 na 1950 kwa ajili ya viazi, mboga na baadaye ng'ombe wa maziwa. Mashamba mengi yalizaa. Mengine yaligeuka kuwa na asidi kali hata mimea ikakataa, kwa sababu peti ya mafunjo ilikuwa imehifadhi salfa ambayo, ilipokutana na hewa, ikawa tindikali. Rwanda nayo imechukua njia nyingine: inachimba peti na kuichoma kuzalisha umeme, kwanza Gishoma kisha Gisagara. Kila nchi na shida zake. Mtu anayepikia kuni hana mamlaka ya kimaadili ya kumwambia Mnyarwanda azime taa. Lakini tujue kinachochomwa hakirudi.

Sasa, kwa nini watu wa Meru na Embu huchimba mitaro? Wanaoandika ripoti za mazingira hupenda jibu la ujinga. Mimi silikubali. Jibu liko kwenye hatimiliki.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 wa mageuzi ya kilimo, ardhi ya nyanda za juu ilipimwa upya na kugawanywa. Vipande vingi vilikatwa kwa urefu, kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni: juu nyumba na barabara, katikati chai au kahawa, chini majani ya ng'ombe na maji. Mgao huo ulimpa kila mwenye kipande sehemu ya kila aina ya udongo. Kisha wana wakagawana, na wana wa wana. Ukitazama bonde moja leo utakuta kinamasi kimoja kimekatwa na mipaka ishirini, kila mwenye kipande akiwa na upana wa hatua chache. Kinamasi hakijui mipaka hiyo. Maji yake ni mamoja. Mmoja akichimba mtaro, ya jirani nayo hushuka, na yule jirani aliyekuwa akivuna nyasi za kuezekea au kulishia ndama anaona majani yake yananyauka. Afanyeje? Naye anachimba. Msimu wa pili bonde zima limekauka bila hata mmoja kuamua likaushwe.

Ongeza ukame. Mboga ya Januari na Februari, wakati vijito vimepungua na soko la Gakoromone mjini Meru lina njaa, hulipa karo. Nani atamwambia mzazi aache karo ya shule ardhini kwa ajili ya kaboni ya dunia?

Kuna pia mikaratusi. Hapa kelele zimekuwa nyingi tangu mwaka 2009, John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira na kuagiza miti hiyo ing'olewe kwenye chemchemi na kingo za mito. Mti huu hunywa maji kweli, na majani yake yenye mafuta huzidisha ile tabia ya udongo kukataa kulowa. Lakini tuulize pia nani anaununua. Viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni. Embu kuna Mungania na Rukuriri. Meru kuna Kionyo, Kinoro, Imenti, Githongo, Michimikuru na Kiegoi. Chai haitakauka kwa maombi. Mkulima ambaye shamba lake la juu lote ni chai hupanda mikaratusi mahali pekee palipobaki, nako ni bondeni. Na mara nyingi mti huja baada ya mtaro, si kabla yake. Tuking'oa mti tukaacha mtaro, tumefanya nusu ya kazi, tena ile nusu yenye picha nzuri kwenye televisheni.

Turudi kidogo kwenye udongo mwekundu, maana bila kuulinganisha na mweusi hatutaelewa kwa nini ushauri wa kawaida wa kilimo hausaidii bondeni.

Tangu mwaka 2002 kumekuwa na majaribio ya muda mrefu Embu na Machang'a huko Mbeere. Watafiti waliweka kwenye mashamba madogo samadi ya ng'ombe, majani ya tithonia, ya kaliandra, mabua ya mahindi na unga wa mbao, kila kimoja kwa viwango viwili: tani 1.2 na tani 4 za kaboni kwa hekta kila mwaka. Udongo wa Embu ni mfinyanzi mwekundu. Wa Machang'a una mchanga mwingi. Baada ya zaidi ya miaka 15, matokeo hayakuwa ya kushangiliwa. Sehemu nyingi ziliendelea kupoteza kaboni hata zilipolishwa. Samadi kwa kiwango cha juu ndiyo iliyofanya vizuri zaidi katika kupunguza hasara. Majani mabichi ya tithonia yalioza haraka, yakanufaisha mahindi ya msimu ule, yakaondoka.

Hata hivyo udongo wa Embu haukuanguka. Unaweza kupoteza kaboni kwa miongo na bado ukabaki udongo, kwa sababu kiunzi chake ni mfinyanzi ulioshikamanishwa na chuma na aluminiamu kuwa vipande vigumu vinavyong'aa vikivunjwa. Mboji ndani yake ni gundi na chakula. Gundi ikipungua, mvua hubomoa, jembe hubomoa, lakini mifupa ipo, na mwenye ng'ombe wawili na subira anaweza kuurudishia nguvu kiasi.

Kwenye peti mboji si gundi. Mboji ndiyo mifupa. Ikioza, hakuna kilichobaki chini yake isipokuwa tope lililokuwepo kabla kinamasi hakijazaliwa. Kwa hiyo afisa wa kilimo anayemwambia mwenye kinamasi aongeze samadi, chokaa na mbolea anamwambia alishe vijidudu vile vile vinavyomlia shamba. Chokaa hupunguza asidi, naitrojeni huvipa nguvu, kuoza huongezeka. Ushauri ulio sahihi mita 50 juu kwenye mteremko huwa sumu ukifika chini. Sijaona kijitabu chochote cha kata kinacholisema hili.

Na kule juu kabisa? Msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa hifadhi mwaka 1932, na mbuga ya taifa ikaanzishwa 1949. Hakuna anayelima viazi kwenye Bonde la Gorges, juu ya Chogoria. Lakini nyika ile haiko salama. Hali yake ya hewa ni ya kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Sindano za barafu huinua udongo wa juu usiku na kuuangusha asubuhi, kwa hiyo mahali popote palipopoteza kifuniko cha mimea hupata shida kupona. Kwato za ng'ombe na kondoo wanaopandishwa wakati wa ukame hubana peti na kukata vishungi vya nyasi. Viatu vya wapandaji navyo hufanya hivyo hivyo: kila mmoja hukwepa tope la njia ya jana, na njia huzidi kupanuka mwaka hadi mwaka, mpaka iwe mfereji. Mfereji ni mtaro, hata kama aliyeuchimba alikuwa amevaa koti la mvua la bei ghali na hakuwa na nia ya kulima.

Kisha moto. Machi 2012 nyika ya Mlima Kenya iliungua kwa siku nyingi, maelfu ya hekta, na mioto mikubwa imerudi baada ya hapo, ikiwemo ya mwanzoni mwa 2019. Baadhi huanzia kwa warina asali, mingine kwa wachungaji wanaotaka nyasi changa. Nyasi hurudi. Peti iliyoungua hairudi katika umri wa yeyote anayesoma gazeti hili.

Hapa nataka kuweka tahadhari, maana suala la maji hutiwa chumvi sana. Si kweli kwamba kinamasi huzuia kila mafuriko. Kinamasi kilichojaa hakina nafasi ya maji zaidi. Mvua ikinyesha juu yake hutiririka kama kwenye sakafu. Kazi yake kubwa iko kwingine. Uso wake wenye nyasi nzito hupunguza mwendo wa maji, hunasa matope kabla hayajaingia mtoni, na maji huyaachia kidogo kidogo. Kinamasi kilichokaushwa hupoteza kazi hizo: mtaro ni njia ya mkato, na vumbi jeusi lenyewe huwa mzigo wa mto. Mito hii yote huishia Tana. Kwenye mto huo kuna mabwawa matano, kuanzia Kindaruma la 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, na kujaa kwa tope ndani ya Masinga kumekuwa wasiwasi wa wahandisi kwa miongo. Umeme unaowasha taa za Nairobi una uhusiano na sepetu ya mtu wa Manyatta, Embu.

Sheria tunazo, na nyingine zinakanyagana. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima ndani ya mita 2 kutoka kwenye mkondo wa maji. Kanuni za ardhi oevu na kingo za mito za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, zinataka kingo zilindwe kwa mita zisizopungua 6 na zisizozidi 30. Sheria hiyo ya 1999 inakataza kukausha ardhi oevu bila idhini na tathmini ya athari kwa mazingira. Sasa mpe nakala mwenye shamba lenye upana wa hatua kumi, ambaye babu yake alipewa kipande hicho na serikali hadi ukingoni mwa maji, na hati anayo kabatini. Ataona serikali moja ilimpa, nyingine inamnyang'anya. Mita 30 kwake ndiyo shamba lote. Ndiyo maana amri za kung'oa na kufukuza hutiiwa kwa wiki mbili kisha mitaro hufunguliwa usiku.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kumfukuza mtu. La kwanza ni nduma. Nduma ni zao la kinamasi tangu zamani, na tofauti yake na sukuma wiki ni kwamba hupenda miguu yake iwe ndani ya maji. Ikilimwa pasipo mtaro, maji yakiwa karibu na uso, peti huendelea kulowa na kuoza kwake hupungua mno. Tatizo ni pale wapandaji wanapofukua mifereji mirefu kuipitishia maji. Kwa wale wasio na bonde, wakulima wengi wa nyanda za juu sasa huotesha nduma kwenye mashimo yaliyotandikwa karatasi ya plastiki juu kabisa kwenye udongo mwekundu, na zinakua. Hiyo inamaanisha kinamasi si lazima kibebe soko lote. Nyasi za kukata, mafunjo ya mikeka, hata mizinga ya nyuki pembeni, yote haya yanapatana na maji.

La pili ni kuziba. Mtaro unaweza kuzibwa kwa magunia ya udongo na fito, hatua kwa hatua kutoka juu kwenda chini. Maji yakipanda, kuoza hupungua sana na ndago hurudi zenyewe. Nafasi za ndani zilizobanwa hazifunguki tena, na ardhi iliyoshuka nusu mita haiinuki. Lakini kilichobaki hubaki. Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja, kwa sababu ile ile iliyofanya ukaushaji usiwe wa mtu mmoja: bonde lote lazima likubaliane. Meru wana Njuri Ncheke, baraza la wazee, ambao neno lao limewahi kutumiwa kulinda misitu pale polisi waliposhindwa. Kuna vyama vya watumiaji wa maji vinavyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016. Kikao cha wenye mipaka ishirini chini ya mti kina nguvu kuliko barua ya ofisi.

Na kwa anayetaka kujua kama alichonacho ni peti na imeharibika kiasi gani, kipimo kipo mkononi. Mwanasayansi wa Uswidi, Lennart von Post, alikitunga karne moja iliyopita na bado kinatumika. Chukua konzi ya udongo uliolowa, uuminye. Yakitoka maji meupe na nyuzi zikabaki kiganjani, peti yako bado changa na nzima. Yakitoka maji ya kahawia, imeanza kuoza. Ikiwa tope lote linapenya kati ya vidole na kiganja kinabaki kitupu, umbo lake la ndani limekwisha vunjika, na unachokilima ni masalia.

Mipango ya sasa ya maendeleo ya kaunti inaishia mwaka 2027, na ile ya 2028 hadi 2032 italetwa kwenye vikao vya maoni ya wananchi. Ukiitwa kwenye kikao hicho, Embu, Tharaka-Nithi au Meru, uliza maswali mawili: vinamasi vya wadi yetu viko wapi kwenye ramani, na fedha za kuziba mitaro zimewekwa kifungu gani. Kabla ya siku hiyo, kama una sepetu na bonde, usiongeze kina cha mtaro ulionao.